Kwa nini kibanda cha jirani kinashangilia goli kabla yenu?
Simba na Yanga wako Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Wewe uko Namanyere, umelipa kiingilio cha kibanda umiza. Ghafla kibanda cha pili wanapiga kelele: "Gooo!" Kwenu mpira bado uko katikati ya uwanja. Utamu umeisha.

Kosa si umbali. Satelaiti ya TV iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni robo sekunde tu. Sekunde nyingine zinaliwa na mitambo inayobana picha na king'amuzi kinachoifungua. Kwenye intaneti picha hukatwa vipande vinavyokusanywa kwanza, ndiyo maana kwa kawaida huchelewa zaidi.

Kabla ya kutoa hela, uliza: wanaonyesha kwa king'amuzi au kwa bando?