Pua Haitoshi Kupima Hewa

Mutu akifungua bido la esanse, harufu inajaza nyumba mara moja. Sababu gani? Esanse inageuka kuwa mvuke na kuingia katika hewa, wala macho hayauoni. Ndani ya mvuke ule mumo benzeni. Mutu akiivuta nyingi, kichwa kinamuuma na anasikia kizunguzungu. Akiivuta miaka mingi, inaweza kuharibu kazi ya mifupa ya kutengeneza damu, na kuleta kansa ya damu.

Viwanda vya kusafisha mafuta vinatoa mvuke huu. Watu wanaokaa karibu watajuaje hewa yao? Wengine wanasema, “Pua yangu itanijulisha.” Hapana. Pua inazoea harufu upesi, kisha hainusi tena. Na benzeni kidogo isiyonukia inaweza kudhuru.

Sikieni habari ya Norco, jimbo la Louisiana, Marekani. Mutaa wa Diamond, wa watu weusi, ulikuwa katikati ya kiwanda cha kemia cha Shell na kiwanda cha kusafisha mafuta. Wakaaji walilalamika sana, lakini maneno matupu hayakuwa na nguvu. Mwalimu Margie Richard na wenzake wakatumia ndoo ya plastiki yenye mufuko safi ndani. Harufu ilipokuja, walivuta hewa katika mufuko, wakaufunga, wakaupeleka kwa wapimaji. Sasa walikuwa na hesabu mukononi. Mwaka 2002 Shell ikakubali kununua nyumba za mutaa wote, wenyeji wapate kuhama.

Mwaka 2015 serikali ya Marekani ikaamuru viwanda vya kusafisha mafuta vipime benzeni kwenye lupango lao. Vijiri vidogo vyenye unga wa makaa vinakaa pale siku 14, kisha vinapimwa. Wastani wa mwaka ukipita maikrogramu 9 katika meta kyubiki moja ya hewa, kiwanda kinapashwa kutafuta pahali panapovuja na kupaziba.

Basi ninyi munaokaa karibu na kiwanda ao depo ya mafuta, mufanye nini? Andikeni katika kitabu: siku, saa, harufu, upepo unatoka upande gani, nani ameugua. Harufu ikizidi, ondoeni watoto kwanza, mwende kando mukikata upepo, mbali na kiwanda, wala musikielekee. Esanse isilale pamoja nanyi chumbani, wala musiinyonye kwa mupira. Kisha pelekeni kitabu chenu kwa wakubwa, muombe hewa ipimwe. Neno lililoandikwa na kupimwa ni vigumu kulikataa.