Kuchagua Jiko la Gesi kwa Upikaji wa Pombe ya Nafaka Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Matongo, wilayani Tarime, pombe ya mtama, ulezi au mahindi hupikwa kwa ajili ya harusi, kazi za kusaidiana shambani na mapokezi ya wageni. Kwa miaka mingi kazi hiyo imebebwa na kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034, umelenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Na mpishi wa pombe anayetaka kuachana na moshi hana budi kujua jiko lipi linaifaa kazi yake. Makala hii inamwongoza.

Onyo la kwanza

Jiko linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 3 au 6 ni la chai na mboga. Sufuria ya lita 40 ikijaa huwa na uzito unaozidi kilo 40. Ikitwikwa juu ya mtungi huo inaweza kupinduka na kummwagia mpishi, au mtoto aliye karibu, uji unaochemka. Zaidi ya hayo, kitako kipana cha sufuria hurudisha joto chini, likaishia kwenye valvu ya mtungi. Tunasisitiza: kwa sufuria kubwa, jiko na mtungi vitengane.

Nguvu ya moto

Nguvu ya jiko hupimwa kwa kilowati. Jiko la kawaida la nyumbani hutoa kilowati 2 hadi 3. Kwa jiko hilo, lita 40 za maji huchukua karibu saa tatu kuchemka, na upepo ukivuma huenda yasichemke kabisa. Jiko la kilowati 10 huifanya kazi hiyo kwa takriban dakika 50 na kutumia takriban gramu 650 za gesi. Kwa sufuria ya lita 20 hadi 50, kilowati 7 hadi 10 zinatosha. Jiko kubwa kupita hapo huchoma gesi inayopotelea kandoni mwa sufuria.

Kujua gharama, zidisha bei ya kilo moja ya gesi kwa kilo utakazotumia katika upishi mmoja, kisha linganisha na bei ya kuni za upishi huohuo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua jiko.

Upana wa moto na udhibiti wake

Moto mkali si sifa pekee. Uji mzito huungua upesi pale ambapo moto umejikusanya mahali pamoja, na pombe nzima hubeba harufu ya kuungua. Anayekaanga unga uliochachuliwa juu ya bati pana, kama ifanyikavyo kwa busaa, hukutana na tatizo hilohilo. Chagua jiko lenye duara pana la matundu, au duara mbili zenye vali zinazojitegemea.

Hakikisha pia kwamba moto unapunguka hadi kuwa mdogo bila kuzimika. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari vizuri zaidi katika nyuzi joto 60 hadi 70. Kikichemshwa mapema hupoteza nguvu yake, na nafaka yote huwa imepotea bure.

Mtungi, regulata na mpira

Jiko la kilowati 10 hula karibu gramu 800 za gesi kwa saa. Mtungi mdogo hauwezi kuitoa gesi kwa kasi hiyo kwa muda mrefu: hupoa, hutoka jasho, na moto hufifia ingawa gesi bado imo. Tunapendekeza mtungi wa kilo 15. Kamwe usiupashe mtungi joto ili kuongeza moto.

Regulata ilingane na valvu ya mtungi na aina ya jiko. Jiko la mgandamizo mdogo lisifungwe regulata ya mgandamizo mkubwa. Mpira uwe wa gesi, usiwe na nyufa, na ufungwe kwa vibano vya chuma ncha zote mbili. Mtungi ukae wima, umbali wa mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye moto.

Kabla ya kulipa

Tazama alama ya ubora ya TBS. Omba jiko liwashwe: moto uwe wa buluu na utulie, moto wa njano huacha masizi. Tikisa miguu ya jiko, na uulize kama vipuri vinapatikana karibu.

Mtungi upimwe kwenye mizani mbele yako. Ukiwa umeandikwa uzito mtupu wa kilo 15, basi mtungi wa kilo 15 za gesi usome kilo 30. Dai risiti na uitunze.

Mahali pa kupikia

Pika nje au chini ya banda lililo wazi, penye ardhi iliyosawazika. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini na kwenye mashimo. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi. Mapovu yakifura, funga valvu na usiwashe chochote.

Sheria na haki yako

Kuuza pombe kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Upikaji wa gongo ni marufuku, hata kwa jiko bora kiasi gani.

Ukipunjwa uzito, peleka malalamiko Wakala wa Vipimo. Jiko likiwa duni, TBS. Huduma ya gesi ikiwa mbovu, EWURA. Anza kwa muuzaji, ukiwa na risiti mkononi.