Tone la Vitamini A: Njia ya Kliniki Haiishii Mwezi wa Tisa

Ziko kadi nyingi za kliniki zilizojazwa vizuri hadi mwezi wa tisa, halafu baada ya hapo ni kurasa tupu. Mtoto amekwisha dungwa sindano ya surua (wengine tunaiita ukambi), mama ameshusha pumzi, na njia ya kliniki imeota majani. Mtoto ni mzima, anacheza. Ya nini basi kupoteza siku nzima kwenye foleni kwa ajili ya tone moja la mafuta?

Swali hilo si la kijinga. Lina jibu, na aliyelitafuta kwa miaka mingi ni daktari wa macho, Alfred Sommer, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani. Katika ukurasa huu tunaeleza alichokiona, kwa nini wenzake walikataa kumwamini, ni nini wanachobishania hata leo, na sisi katika vikundi vyetu tufanye nini.

UPOFU WA KUKU

Mwaka 1976 Dkt. Sommer alikwenda Indonesia kuchunguza kwa nini watoto wengi wa huko walikuwa wakipofuka. Ilijulikana tayari kwamba mtoto akikosa vitamini A, kwanza haoni vizuri jioni. Watu wa Indonesia huiita hali hiyo buta ayam, yaani upofu wa kuku, kwa sababu kuku naye giza likiingia haoni. Ikiendelea, madoa meupe kama povu hutokea kwenye weupe wa jicho. Mwisho wake sehemu ya mbele ya jicho hukauka, hulainika, na mtoto hupofuka kabisa.

Katika kisiwa cha Java yeye na wenzake walipima watoto zaidi ya 3,000 kila baada ya miezi mitatu, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Walikuwa wakitafuta habari za macho. Lakini mwishoni mwa mwaka 1982, alipoketi kuzipitia hesabu hizo tena, aliona jambo ambalo hakulitafuta. Watoto waliokuwa na dalili ndogo tu, kama kutoona jioni, walikuwa wamekufa mara 4 zaidi ya wenzao wenye macho mazima. Na kadiri dalili zilivyozidi, ndivyo vifo vilivyozidi.

Tuelewane hapa. Upofu wa jioni hauui mtu. Kinachoua ni kuhara, magonjwa ya kifua na surua. Sasa macho yanahusika vipi?

Fikiria nyumba ya udongo iliyopigwa lipu vizuri. Mvua ikinyesha, maji yanateremka nje. Lipu ikipasuka, maji yanaingia, mchwa wanaingia, ukuta unaoza. Ndani ya mwili wa mtoto pia kuna lipu: ngozi laini inayofunika matumbo, mapafu, koo na macho. Vitamini A ndiyo inayosaidia ngozi hiyo kujitengeneza upya, na pia husaidia askari wa mwili wanaopigana na vijidudu. Vitamini ikipungua, jicho ni mahali tunapoweza kuuona ufa. Matumbo na mapafu yana nyufa pia, ila hatuzioni.

WENZAKE HAWAKUAMINI

Dkt. Sommer hakutaka kutegemea hesabu za Java peke yake. Katika jimbo la Aceh, kwenye kisiwa cha Sumatra, vilichaguliwa vijiji 450. Watoto wa nusu ya vijiji hivyo walipewa vitamini A mara mbili, kwa nafasi ya miezi sita. Nusu nyingine walisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986: katika vijiji vilivyopewa, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 34. Maana yake, kwa kila watoto 100 ambao wangekufa, 34 hivi walipona.

Madaktari wengi walitikisa kichwa. Ati dawa ya senti chache tu iokoe theluthi ya watoto? Haiwezekani. Lazima kuna kosa mahali.

Kwa kweli shaka yao ilisaidia, maana walisema: basi na wengine wapime. Wakapima. Kusini mwa India, mwaka 1990, vifo vilipungua. Nepal, mwaka 1991, vilipungua. Kaskazini mwa Ghana, mwaka 1993, vilipungua. Utafiti wa Sudan uliochapishwa mwaka 1992 haukuona faida. Mwaka 1993 wataalamu walizijumlisha tafiti zote pamoja, zilizofaulu na zisizofaulu, na wakapata kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 23. Kuanzia hapo nchi nyingi, na Kenya yetu ikiwemo, ziliingiza vitamini A katika kliniki za watoto.

JIRANI ZETU WA MVUMI

Sehemu moja ya habari hii ilitokea karibu na kwetu. Mvumi ni mahali karibu na Dodoma, Tanzania, na pana hospitali ya kanisa. Huko watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida, na kundi moja likaongezewa vitamini A. Matokeo yalitolewa mwaka 1987. Kati ya watoto 88 walioongezewa vitamini, walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12.

Mwaka 1990 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walifanya hivyo hivyo kwa watoto 189. Waliofariki walikuwa 12, na 10 kati yao ni wale ambao hawakupewa vitamini.

Surua hula akiba ya vitamini A iliyo mwilini, na huifanya haraka. Ndiyo maana zamani watoto wengi walitoka kwenye surua wakiwa vipofu. Leo utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo. Kwa hiyo mtoto mwenye upele, homa na macho mekundu asifungiwe nyumbani akisubiri upele utoke wote. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

WANABISHANA NINI SASA?

Hatutaki kuwaficha kwamba mjadala haujaisha. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa sana wa kaskazini mwa India, wenye watoto wapatao milioni moja. Huo uliona vifo vimepungua kwa asilimia 4 tu, kiasi kidogo ambacho kingeweza kutokea kwa bahati. Wengine wakasema, mnaona? Hii vitamini tuiache.

Dkt. Sommer na wenzake walijibu. Walisema kazi ile haikusimamiwa vya kutosha, na kwamba ni vigumu kuamini kuwa vitamini ilifika kweli kwenye midomo ya watoto wengi kama ilivyoandikwa. Sisi tunaofanya kazi vijijini tunalijua jambo hilo. Kitu kuandikwa kwenye daftari ni kimoja, na kumfikia mtoto ni kingine.

Tafiti zilipojumlishwa upya mwaka 2017 na tena mwaka 2022, huo mkubwa wa India ukiwemo, faida ilionekana kuwa ndogo kuliko ya zamani: vifo hupungua kwa asilimia 12 hivi. Si 34 tena, wala si sifuri. Ni jambo la kueleweka pia kwamba pale ambapo watoto wengi wamechanjwa surua na wanakula vizuri zaidi, tone lina kazi ndogo ya kufanya. Pale ambapo mtoto hajachanjwa na chakula ni ugali mtupu, lina kazi kubwa.

Tafiti nyingine zilijaribu kumpa vitamini mtoto mchanga siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Huko Tanzania hakukuonekana faida. Ndiyo maana kliniki huanza mtoto akifika miezi 6. Kabla ya hapo, maziwa ya mama yanatosha.

MAMBO MATATU, HAKUNA LINALOCHUKUA NAFASI YA LINGINE

Kwanza, chanjo. Vitamini A haizuii surua, chanjo ndiyo inayoizuia. Hapa Kenya sindano ya kwanza ni miezi 9. Lakini katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na umri huo, kama 15 hivi hawapati kinga. Hata mama hawezi kumjua wake ni yupi. Kwa sababu hiyo iliongezwa sindano ya pili, mtoto akifika mwaka mmoja na nusu, ambayo hukinga wengi wa wale waliobaki. Hii ndiyo sindano inayosahauliwa zaidi.

Pili, tone. Mtoto hupewa akifika miezi 6, halafu kila baada ya miezi 6 hadi anapokaribia miaka 5. Muuguzi hukata ncha ya kidonge laini na kukamulia mafuta mdomoni. Kidonge cha buluu ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11, na chekundu, chenye nguvu mara mbili, ni cha kuanzia mwaka mmoja. Msinunue vidonge hivi dukani wala kurudia kabla ya wakati. Vitamini A ikizidi ni sumu, na mama mjamzito asipewe kidonge hicho kikubwa kabisa, maana kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Tatu, shamba. Tone ni akiba ya miezi michache. Chakula ni cha kila siku. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia ya viwandani yaongezwe vitamini A, lakini kijiko cha mafuta hakitoshi. Vitamini hii imo kwenye maini, mayai na maziwa. Imo pia kwenye mboga za majani kama managu, terere, kunde na sukuma wiki, na kwenye malenge, karoti, papai na embe lililoiva. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo, kwani bila mafuta mwili hauchukui vitamini vizuri. Kama mnakausha mboga kwa ajili ya kiangazi, zianikeni kivulini, maana jua kali huharibu vitamini.

Na kuna viazi vitamu vya rangi ya machungwa ndani. Kiazi kimoja cha kadiri kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima, jambo ambalo kiazi cheupe hakiwezi. Mwaka 2016 wataalamu watatu walioshughulikia viazi hivi, Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low, walikuwa kati ya washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani. Aina kama Kabode na Vita, zilizotoka kwa wataalamu wa Uganda, hulimwa pia hapa kwetu. Uzuri wake kwa kikundi ni kwamba mbegu ni marando tu, yaani mashina ya kupandia. Kikundi kikiwa na kitalu kidogo karibu na maji, kila mwanachama atapata mbegu mvua zikianza, na majirani pia watapata.

KAZI YA KIKUNDI

Tunapendekeza mkutano ujao kila mama, na baba pia, aje na kitabu cha kliniki cha mtoto aliye chini ya miaka 5. Katibu aandike kwenye daftari jina la mtoto, mwezi wa kuzaliwa, tarehe ya sindano ya pili ya surua na tarehe ya tone la mwisho. Asisomewe mtu makosa mbele ya wengine. Nia ni kujua watoto wangapi wamebaki nyuma, ili waende kliniki pamoja siku moja, na mhamasishaji wa afya wa kijiji awasaidie.

Kisha jadilianeni maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, yuko mtoto anayejikwaa au kupapasa jioni ilhali wenzake bado wanaona? Amepelekwa kituoni?

2. Ni nini hasa kinachowazuia wazazi kurudi kliniki baada ya miezi 9: umbali, nauli, foleni, au hawakuambiwa? Kikundi kinaweza kuondoa kizuizi kipi?

3. Mayai ya kuku wetu huenda wapi? Tukiuza yote sokoni, mtoto anabaki na nini?

4. Nani ana kipande cha ardhi karibu na mto au kisima ambacho tunaweza kutumia kwa kitalu cha marando, na tutaanza mwezi gani?

Tuandikieni majibu yenu, na idadi ya watoto mliowakuta hawajapata sindano ya pili. Tutayachapisha ili vikundi vingine vijifunze kwenu.