Wazee Waandike, Wasisimamishwe Jukwaani

Mashindano ya tahajia yanayojulikana zaidi duniani ni ya watoto. Yale ya kitaifa ya Marekani yalianza mwaka 1925, na mpaka leo hayamruhusu aliyevuka darasa la nane. Mtoto husimama peke yake mbele ya kipaza sauti, akatajiwa neno, akalitaja herufi moja moja. Akikosea, kengele inalia na safari yake imekwisha. Mwaka 1996 Wamarekani walianzisha mashindano mengine mjini Cheyenne, jimbo la Wyoming, kwa watu wa miaka 50 na zaidi, na huko hatua ya kwanza ikawa ya karatasi: watu waliandika, kisha waliopata alama za juu ndio waliopanda jukwaani. Kwa maoni yangu waliishia nusu ya njia. Kikundi cha kata, msikiti, parokia au maktaba kinachofikiria kuwashindanisha wazee wetu kwa Kiswahili kiliache kabisa jukwaa, kirudi kwenye zoezi ambalo kila aliyepita shule analijua: imla.

Sababu ya kwanza iko kwenye namna umri unavyoigusa lugha. Wanasaikolojia Donald MacKay na Lise Abrams walichapisha mwaka 1998 utafiti kuhusu tahajia ya wazee, na kazi zao za wakati huo zilionyesha jambo la kuzingatia. Wazee wakisomewa maneno wayaandike walikosea zaidi kuliko vijana, lakini wakiwekewa maneno yaliyokwisha kuandikwa waseme lipi lina kosa, hawakuachwa nyuma. Maana yake ni kwamba ujuzi upo. Kinachogoma ni kuuvuta haraka unapotakiwa, na jukwaa linadai hasa uharaka huo mbele ya macho ya watu. Basi nusu ya alama zitolewe kwa kusahihisha. Mzee apewe ukurasa wenye herufi kubwa, ndani yake mna “zahabu”, “garama”, “thelasini” na “kwahiyo”, azungushie makosa na kuandika pembeni inavyopaswa. Hapo unapima alichonacho mtu kichwani.

Sababu ya pili ni masikio. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba za juu, na konsonanti kama s, f na th ni miongoni mwa zinazotangulia kufifia. Kwa Kiswahili hilo si dogo. Msomaji akitamka “thamani”, mzee wa miaka 70 anaweza kabisa kusikia “samani”, na vyote viwili ni Kiswahili safi. Ndiyo maana kila neno lisomwe ndani ya sentensi, na sentensi yenyewe ichaguliwe kwa uangalifu. “Nyumba hii ina thamani kubwa” haimsaidii mtu, kwa kuwa nyumba yaweza pia kuwa na samani kubwa. “Thamani ya shilingi imeshuka” inafunga mjadala. Msomaji asome mara tatu, akiwaelekea wasikilizaji, kinywa chake kionekane. Anayekosa neno kwa sababu feni ya dari inapiga kelele hajashindwa tahajia.

Wapo watakaosema Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mashindano ya namna hii ni ya Kiingereza na wenzake. Hoja ina ukweli, ila inasahau kuuliza: kinavyotamkwa na nani? Tahajia tunayoitumia ilisanifiwa kwa msingi wa Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaieneza katika vitabu vya shule. Mzee ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi r na l, au hana dh kinywani, anaandika kwa sikio lake na kukosea palepale ambapo mwenzake wa Mji Mkongwe hafikirii hata kidogo. Ongeza ng' na ng, ongeza maneno yanayotenganishwa na yanayounganishwa, na utapata maneno ya kutosha kwa mashindano ya miaka mingi. Kwa sababu hiyohiyo haifai kumpambanisha mtu na mtu. Wapangwe vikundi vya wanne, waliotoka sehemu mbalimbali, wajadiliane kwa kunong'ona kabla ya kukabidhi karatasi moja.

Waamuzi nao wajiandae kwa ubishi wa haki. Wazee wengi walisoma vitabu vilivyoandika “khabari” na “khatari”, na hawatakubali kirahisi kuambiwa kwamba hiyo h iliyobaki ndiyo sahihi peke yake. Dawa ni kutangaza mapema kamusi moja ya kuamulia, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Kamusi Kuu ya BAKITA, au kwa Zanzibar ile ya BAKIZA, na kukubali sura mbili pale inapozitaja zote, kama mhogo na muhogo. (Binafsi ningempa mzee wa “khabari” nusu alama. Hakubahatisha.)

Pingamizi zito zaidi ni la aibu: je, si kuwaumbua wasiosoma vizuri? Tanzania iliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wakishuka kutoka kama asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Aliyejifunza kisomo wakati ule kwa vitabu vya pamba na uvuvi, akiwa na miaka 25, leo ni mzee, na asiyepata cha kusoma husahau. Kumficha hakumsaidii. Karatasi ya kikundi, isiyo na jina la mtu mmoja, inamrudisha kwenye maandishi bila kumweka hadharani.

Ila waandaaji wasiahidi kwamba imla huzuia ugonjwa wa kusahau. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wazee 2,832, na matokeo yake ya kwanza kutolewa mwaka 2002, lilikuta kwamba mazoezi ya akili huboresha kile kilichofanyiwa mazoezi, hayahamii kwingine. Kilicho na uzito zaidi ni upweke wa kukosa watu wa kuwa nao: kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet iliutaja mwaka 2024 miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo na ambayo yanaweza kurekebishwa, pamoja na usikivu na uoni uliopungua bila kutibiwa. Kwa hiyo ukimwalika mtaalamu wa macho na masikio awapime wazee asubuhi ile, kabla ya imla kuanza, utakuwa umewafanyia jambo kubwa kuliko zawadi yoyote ya mshindi.