Daftari Moja la Madhila ya Nyumbani

Mwanamke wa Wanging'ombe, mkoani Njombe nchini Tanzania, aliyepigwa na mumewe, akiazimia kushitaki, hupewa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto ile fomu iitwayo PF3, akaichukua kwa mkono wake hadi kwa tabibu, kisha akaelekea kwa afisa ustawi wa jamii, na kila mlangoni hutakiwa kuhadithia upya madhila yake. Wala Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoharimisha waziwazi kumwadhibu mwenzi kwa kipigo, haikumpunguzia safari hiyo.

Mfumo wa takwimu za afya, DHIS2, hukusanya idadi ya visa kwa mwezi, jambo lenye manufaa kwa wenye kupanga bajeti, lakini idadi haina uso: haiwezi kumtanabahisha afisa wa Makambako kwamba huyu aliyefika leo alikwisha kutibiwa Njombe kwa jeraha la namna hiyohiyo. Daftari moja la kielektroniki, lisomwalo na polisi, hospitali na ustawi kwa pamoja, lingeweza. Ila, na hapa ndipo penye wasiwasi wangu, katika mji mdogo karani huenda akawa shemeji wa mtuhumiwa. Basi ni sharti kila afunguaye faili aache jina lake humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 izingatiwe kabla mitambo haijawashwa.