Kizibo cha Sampo Kilicholiwa Hesi

Kila apitaye Ikungi katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida ameona malori yaliyosimama kando, chini ya miti, na miguu ya mtu ikitokeza uvunguni. Majira ya mavuno ya alizeti huongezeka sana, kwani lori lililokaa halimpatii mwenyewe senti. Kazi ifanywayo hapo mara nyingi ni kubadili oili ya injini, na mtendaji wake huwa ni utingo kijana, kwa maana watu husema kwamba kumwaga oili si kazi ya fundi. Basi katika kazi hiyo iitwayo ndogo hutokea hasara ambayo yatupasa kuieleza vizuri.

Chini kabisa ya injini pana chombo mfano wa karai, ambacho mafundi hukiita sampo. Humo ndimo oili hukusanyika, na humo pampu huivuta na kuipeleka kwenye beringi za krankishafti na mahali pengine penye msuguano. Lori kubwa huweza kubeba lita 30 na zaidi. Chini ya sampo pana tundu moja, nalo huzibwa kwa kizibo cha chuma chenye hesi, yaani ile mikunjo ambayo mafundi huiita uzi. Kizibo hicho chaweza kufichwa katika kiganja cha mtoto, walakini ndicho kinachozuia oili yote isimwagike barabarani.

Nilipata kumwona utingo mmoja akikaza kizibo kama hicho kwa spana iliyotiwa bomba la chuma mwishoni ili kuongeza nguvu. Alisukuma mara ya mwisho, na ghafula spana ikawa nyepesi mkononi mwake, ikizunguka bila kukaza. Kijana alijua mara moja lililotokea. Lakini aliogopa kukatwa ujira wake, akazungushia hesi uzi wa kushonea, akapaka gundi, akanyamaza. Lori likaenda Igunga, likatia mzigo wa mpunga, likarudi likidondosha oili tone kwa tone. Katika kupanda mlima wa Sekenke taa nyekundu ya oili iliwaka. Dereva akadhani ni hitilafu ya waya, akaendelea kukanyaga mafuta. Hawakufika kileleni. Injini ilikuwa imeshikamana chuma kwa chuma, na mwenye lori alikuwa amelinunua kwa mkopo ambao hajalipa hata nusu yake. Mimi simlaumu kijana peke yake, kwani katika gari lile kila aliyekiri kosa alikatwa mshahara, na aliyeficha hakukatwa.

Sasa tutazame sababu ya hesi kuliwa. Watu wengi hudhani kwamba hesi ndizo zizuiazo oili isivuje, kwa hiyo wakiona tone moja hukaza zaidi. Sivyo hata kidogo. Kizuiacho oili ni washa, kile kipete cha shaba au cha aluminiamu kilichoko chini ya kichwa cha kizibo. Washa huyo ni laini kwa makusudi, ili akibanwa ajilaze na kuziba kila mwanya. Akitumika mara nyingi huwa mgumu wala hajilazi tena. Ndipo mtu hukaza kwa nguvu, na tone halikomi. Washa mpya ni wa bei ndogo sana, na angenunuliwa kila oili ibadilishwapo, habari nyingi za namna hii zisingalisikika.

Spana yenye urefu wa sentimita 25 yatosha kwa mkono mmoja. Ukiivika bomba hata ikawa na urefu wa mita 1, nguvu ile ile ya mkono wako huzidishwa mara nne, na hesi haziwezi kuihimili, hasa ikiwa sampo ni ya aluminiamu na kizibo ni cha chuma cha pua. Kilicho laini ndicho huliwa. Kipimo cha kukaza kimeandikwa katika kitabu cha gari, na spana yenye kupima nguvu hukionyesha.

Tena ipo sababu ya kuchanganya hesi. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri kwamba hesi zote ziwe na kipimo kimoja, na pembe yake iwe digrii 55. Hesi za Marekani zilikuja kufuata digrii 60, na hesi za vipimo vya milimita zitumikazo leo katika malori mengi ni digrii 60 pia, lakini nafasi kati ya mkunjo na mkunjo si moja. Kizibo kilichookotwa katika gari kuukuu chaweza kuingia mizunguko miwili katika sampo ya lori jingine, kikakwama, na mwenye pupa akakilazimisha. Dawa yake ni kuanza kwa vidole, bila spana. Kizungushe kwanza kushoto polepole mpaka usikie kimeanguka kidogo mahali pake, ndipo ukigeuze kulia. Kisipoingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne, kitoe ukitazame.

Ikiwa kilicholiwa ni kichwa cha kizibo, si hesi, mambo ni mepesi. Tumia spana ya boksi yenye pembe sita, ya kipimo chake hasa, wala si ile yenye pembe kumi na mbili. Ikiteleza, chonga pande mbili kwa tupa upate pa kushika, au gonga ukingo wa kichwa kwa tindo na nyundo kuelekea upande wa kufungulia. Kisha kitupe kizibo hicho.

Ikiwa kizibo chazunguka tu wala hakitoki, ingiza bisibisi nyembamba nyuma ya kichwa chake, ukikivuta nje huku mwenzako anakizungusha. Lakini kabla ya hapo tengeneza chombo cha kukingia oili, na oili iwe vuguvugu tu, kwani oili ya injini iliyotoka safarini huunguza ngozi vibaya.

Kikiisha kutoka, safisha kizibo na tundu uvitazame kwa taa. Huenda ni kizibo tu kilicholiwa, na sampo ni nzima. Basi nunua kipya. Hesi za sampo zikiwa zimepinda kidogo, hupitishwa tepu ya kipimo kile kile, yaani chuma cha kukatia hesi, nazo hunyoka. Zikiwa zimekwisha kabisa, fundi huweza kupanua tundu na kukata hesi kubwa zaidi kwa kizibo kikubwa zaidi, au kupachika ndani yake hesi mpya ya chuma iliyosokotwa mfano wa springi. Mimi napenda njia hii ya pili, kwa sababu kizibo hubaki cha kipimo chake cha asili, na hesi huwa ngumu kuliko zilizokuwapo. Sampo ya bati la chuma huweza kuchomelewa nati mpya, ila lazima kwanza ifunguliwe na kuoshwa oili yote, kwani mvuke wa oili hushika moto. Kuchomelea sampo ikiwa ingali chini ya injini ni kuchezea roho za watu.

Tepu ikatapo hutoa vumbi la chuma. Paka grisi katika mifereji yake ili vumbi linase humo, ukiitoa mara kwa mara kuifuta. Ukiisha, mimina oili safi kidogo kwa juu iteremke na kuosha tundu, kabla ya kufunga.

Kama uko mbali na fundi, waweza kununua kizibo cha mpira ambacho huvimba ndani ya tundu kikikazwa. Hicho ni cha kukufikisha Singida tu, nawe ukisimama njiani kukitazama. Uzi, gundi na kitambaa havifai kamwe, kwa kuwa oili ikipata moto huvilainisha. Na ikiwa kizibo kilicholiwa hakivuji, usikiguse. Oili yaweza kunyonywa kwa bomba katika tundu la kijiti cha kupimia mpaka siku ya matengenezo, ingawa masimbi hubaki chini.

Kazi ikiisha, jaza oili, washa injini dakika chache, izime, kisha pitisha karatasi kavu chini ya kizibo. Rudia baada ya kilomita 50. Oili chafu isimwagwe ardhini, kwani katika nchi yetu ya Singida visima ni vichache na watu pamoja na mifugo hunywa humo. Itiwe katika dumu lenye kifuniko. Na jina la aliyekaza kizibo liandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe, mwenye gari akiahidi kwamba atakayesema mapema hatakatwa kitu.