Pete, Kigingi na Somo la Biashara

Mwanasaikolojia David McClelland wa Marekani aliwapa watu pete wazirushe kwenye kigingi, kila mtu akijichagulia umbali. Wenye hamu kubwa ya kufanikiwa hawakusimama karibu mno wala mbali mno. Mwaka 1964 alianza kuwafunza wafanyabiashara wa Kakinada, India, kwa michezo ya namna hiyo. Hapa Kileleshwa, mama mboga anayeongeza kreti moja ya nyanya, wala si tano, anaucheza kila alfajiri. Wanafunzi wetu je? Wao hukariri maana ya ujasiriamali kwa ajili ya mtihani, tena kwa Kiingereza! Wapewe pete, wakose, kisha waulizwe sababu kwa Kiswahili. Mmoja atasema, "Pete imekataa", mwingine, "Nilisimama mbali mno." Hapo ndipo mwalimu aanzie.